Rufiji: Historia na Uchumi wa Wilaya ya Mto

Tunapofundisha historia ya nchi yetu, mara nyingi huanza na dola, majemadari na mikataba. Wilaya ya shamba hutajwa tu pale jambo kubwa lilipotokea ndani yake, kisha huachwa. Ndivyo ilivyotendewa Rufiji. Mwanafunzi wa sekondari huisikia katika Vita vya Majimaji, huisikia tena katika habari za manowari ya Kijerumani, na siku hizi huisikia kwa ajili ya bwawa la umeme. Lakini kati ya matukio hayo walikuwapo watu waliolima, waliovua, waliojenga na kuzika wazee wao, na historia yao haikusimama kungoja vita vingine.

Katika makala hii tunakusudia kuieleza historia na uchumi wa Rufiji kwa kufuata jambo moja tu, nalo ni maji ya mto. Tutaona kwamba karibu kila utawala ulioingia Rufiji ulikuja na rai yake juu ya maji hayo, na kwamba mara nyingi rai hiyo ilikatwa kabla mkulima hajaulizwa.

NCHI NA WATU WAKE

Mto Rufiji hupata maji yake kutoka eneo lipatalo kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero na Luwegu hukutana penye maporomoko ya Shughuli, na hapo ndipo jina la Rufiji linapoanzia. Mbele yake huingia Ruaha Mkuu. Zaidi ya nusu ya maji yote huletwa na Kilombero. Baada ya kupita katika korongo jembamba lililoitwa Stiegler, kwa jina la Mjerumani ambaye husemwa aliuawa na tembo mahali hapo mwaka 1907, mto hutoka milimani na kuingia katika bonde tambarare. Hapo ndipo unapotanuka, ukajikunja na kuhama njia, ukaacha nyuma yake mabwawa ya asili kama vile Zumbi, Ruwe na Utunge. Mwisho hugawanyika katika mikono mingi na kumwagika baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia, katikati ya msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika ya Mashariki.

Hivyo wilaya ilikuwa na nchi tatu ndani ya nchi moja. Kwanza ni bonde lenye udongo mweusi. Pili ni delta yenye maji ya chumvi na maji baridi. Tatu ni vilima vya mchanga vya kaskazini na kusini, mahali pa misitu na mikorosho. Wandengereko walikaa zaidi upande wa kaskazini na bondeni, Wanyagatwa katika delta, Wamatumbi upande wa kusini, na Wangindo na Wapogoro kuelekea magharibi. Waliochanganyika bondeni kwa vizazi vingi walijiita Warufiji. Jina hilo si la ukoo mmoja. Ni jina la watu waliofanywa wamoja na mto, na lugha yao ya kuelewana ikawa Kiswahili.

ELIMU YA MAFURIKO

Mgeni anayesikia neno mafuriko huwaza maafa. Mrufiji alikuwa na maneno mengi zaidi kuliko hilo moja, kwa sababu alijua kwamba maji yana wakati, kimo na mwendo wake. Mvua za kwanza zilipoanyesha, kati ya Novemba na Januari, alipanda mpunga bondeni. Miche ilipaswa kuwa imekwisha kurefuka kabla ya mto kujaa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea mwezi wa Machi au Aprili. Maji yakija kwa kiasi na kwa wakati wake, mpunga hunyanyuka pamoja nayo, na mavuno huwa tayari mwezi Juni. Maji yakija mapema, miche huzama; yasipokuja kabisa, mpunga hukauka.

Lakini hesabu ya mkulima haikuishia hapo. Maji yalipopungua yaliacha tope jipya na unyevu ardhini, naye mkulima alirudi shambani akapanda mahindi, kunde na mboga katika ardhi hiyo, bila kungojea mvua. Kilimo hiki ndicho kiitwacho mlau. Baadaye pamba nayo iliingizwa katika mlau. Hapa ndipo ilipo busara yote ya kilimo cha Rufiji: maji yaleyale yaliyochukua mpunga ndiyo yaliyotoa mahindi. Mwaka wa mafuriko makubwa ulikuwa mwaka wa hasara ya kwanza na fidia ya pili. Mwaka ulioogopwa na wazee ulikuwa ule ambao mvua zilikosa na mto nao haukupanda, kwa kuwa hapo mpunga ulikufa na mlau haukuwapo.

Elimu hiyo ilijengewa nyumba yake. Katika mashamba watu walisimamisha dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Katika dungu familia ililala juu ya maji wakati mto umejaa, ilihifadhi chakula, na ililinda shamba. Mchana waliamia ndege. Usiku waliwafukuza nguruwe na viboko. Walisafiri kwa mitumbwi kutoka dungu hadi dungu, na mto ulipowapa maji uliwapa pia perege na kambale katika mabwawa. Kwa hiyo shamba, nyumba, njia na kitoweo vilikuwa jambo moja.

BIASHARA YA KALE

Si kweli kwamba uchumi wa Rufiji ulikuwa wa kujilisha tu mpaka wakoloni walipofika. Katika karne ya 19 mpunga wa bonde uliuzwa nje ya wilaya kwa vyombo vya baharini. Kutoka vilimani ilitoka sandarusi, ambayo ilichimbwa ardhini na kupelekwa Unguja, na baadaye mpira wa msituni. Kutoka delta yalitoka majengo: fito, pau, mazio, boriti na nguzo za mikoko. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba ya Uajemi yalikuja na kaskazi, yakapakia miti hiyo na kurudi na kusi. Nyumba nyingi za kale za Ghuba, katika nchi ambayo haina misitu, ziliezekwa juu ya boriti za pwani yetu, na upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti.

Biashara hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Wafanyabiashara hawakuacha, waligeuza njia wakapita nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini, wakivuka Rufiji. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyepita njia hiyo mwishoni mwa mwaka huo, alikutana na misafara hiyo kwa macho yake. Tunalitaja jambo hili ili mwanafunzi asiipambe historia. Mto uliolisha watu ulivushwa pia watu waliofungwa minyororo.

PAMBA, MAJI NA VITA

Wajerumani walipoishika pwani waliweka kituo cha utawala Mohoro, wakawatumia maakida kukusanya kodi na kusimamia kazi. Katika delta, penye kituo cha Salale, waliifanya mikoko kuwa mali ya serikali, na magome yake yakauzwa Ulaya kwa kazi ya kutia ngozi rangi na dawa. Mtu aliyekata boriti kama babu yake alivyokata sasa alihitaji ruhusa.

Kilichochoma zaidi ni pamba. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliamrisha mashamba ya pamba ya jumla chini ya majumbe na maakida. Pamba ilidai nguvu za watu katika siku zilezile ambazo mpunga na mahindi yalihitaji kupaliliwa na kulindwa, na malipo yalikuwa madogo mno. Tunaona hapa kosa la kwanza la utawala juu ya bonde: uliona ardhi nzuri, haukuona ratiba ya watu.

Katika hali hiyo alitokea Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kijiji kilichomo katika wilaya hii. Mwaka 1904 ilisemekana kwamba alichukuliwa na pepo Hongo, akazama katika kidimbwi cha mto, na kesho yake akatoka akiwa mkavu. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi kupokea dawa ya maji, na habari zilienea kwa siri kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Hatuna budi kuona kwa nini dawa ilikuwa maji wala si kitu kingine. Kwa watu wa bonde, maji yalikuwa tayari ni nguvu inayoharibu na kuhuisha. Kinjikitile aliwapa Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo na wengine ishara ambayo wote waliielewa, na kwa ishara hiyo makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja yalipata shauri moja.

Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba, nayo ikawa tangazo la vita. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907, vikaenea kusini yote. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Haikupita miaka kumi kabla ya vita vya wageni kuletwa mlangoni. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya delta mwaka 1914 na kuharibiwa na Waingereza tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya chombo hicho. Ni vichache vinavyoeleza kwamba majeshi yalipopigana bondeni mwaka 1916 na 1917, yalikula chakula cha Warufiji na kuwachukua watu kuwa wapagazi.

WAINGEREZA NA MATREKTA

Chini ya Waingereza makao ya wilaya yalikuwa Utete, juu ya ukingo wa kusini wa mto. Pamba ilirudi, lakini safari hii iliingia katika mlau, na kwa njia hiyo mkulima aliweza kuilima bila kuuacha mpunga wake. Hilo ni fundisho kubwa: zao lilelile lililoanzisha vita liliweza kupokewa lilipofuata kalenda ya mto.

Fundisho hilo halikushikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilileta matrekta ili kulima bonde kwa mashine, na katikati ya miaka ya 1950 mpango huo ulikuwa umekufa. Baadaye wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walipima bonde lote, na taarifa yao ikatolewa mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu. Ndani yake lilikuwamo wazo la kujenga bwawa kwenye korongo la Stiegler. Wazo hilo lilingoja zaidi ya nusu karne.

UHURU NA UJAMAA

Baada ya Uhuru utawala wa jadi uliondolewa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikachukua nafasi yake. Kisha mto ulijaa sana mwaka 1968. Serikali iliwasaidia wananchi kwa chakula, na ikaona kwamba njia ya kudumu ni kuwahamisha kutoka bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa vilivyo nchi ya juu. Zoezi hilo, lililoitwa Operesheni Rufiji, lilitangulia operesheni kubwa za mikoa mingine katika miaka ya 1970.

Tunapaswa kulipima jambo hili kwa haki. Katika vijiji vipya wananchi walipata shule, zahanati na maduka, huduma ambazo zisingeweza kufika katika madungu yaliyotawanyika juu ya maji. Watoto wengi wa Rufiji walijua kusoma kwa sababu ya kuhama huko. Lakini nchi ya juu ilikuwa na mchanga, na udongo mweusi ulibaki bondeni, mwendo wa saa nyingi kutoka nyumbani. Mkulima akawa na nyumba mbili: moja ya kijiji na moja ya dungu. Msimu wa kuamia ulipofika, familia zilirudi bondeni, na watoto wakaacha madarasa. Kadiri watu walivyopungua bondeni, wanyama waharibifu walizidi. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 30 katika wilaya, na baadhi yao waliuawa wakiwa wanalinda mashamba. Hivyo kuhama kuliokusudiwa kuwaepusha na hatari moja kuliwaweka karibu na nyingine.

Katika siasa za wakati huo wilaya ilijulikana pia kwa Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa akina mama wa TANU, ambaye mwaka 1965 aligombea ubunge wa Rufiji na kushindwa. Kura hiyo ilionyesha kwamba wapiga kura wa shamba hawakuogopa kuamua wenyewe, hata mbele ya jina kubwa.

SERIKALI YA MITAA NA MAENDELEO

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa chini ya mpango wa madaraka mikoani, na mambo mengi yakaamuliwa na watumishi wa Serikali Kuu. Halmashauri zilirudi mwaka 1984, kwa sheria zilizopitishwa mwaka 1982. Kwa wilaya kama Rufiji tofauti hii si ya maneno. Swali ni nani anayejua mahitaji ya mahali, na nani anayeshika mfuko.

Mfano mzuri tunaupata katika afya. Kuanzia mwaka 1997 wilaya za Rufiji na Morogoro zilishiriki katika mradi wa kupanga fedha za afya kwa kufuata maradhi yanayowasumbua watu kwa kweli. Waganga wa wilaya walipewa takwimu za vifo zilizokusanywa kaya kwa kaya. Walipoona kwamba malaria na maradhi ya watoto yanaua wengi huku yakipewa fedha kidogo, waligeuza mgawanyo. Kwa nyongeza ndogo tu ya fedha, vifo vya watoto vilipungua kwa takriban asilimia 40 katika miaka michache. Mfano huo ulisomwa katika nchi nyingi. Unatufundisha kwamba wilaya maskini ikipewa habari sahihi na uhuru wa kuamua, hufanya mambo makubwa.

Barabara nayo ilibadili uchumi. Kwa miaka mingi safari ya kwenda kusini ilisimama Ndundu, penye kivuko, na wakati wa masika mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Ikwiriri na Kibiti zikakua kuwa miji ya biashara. Lakini barabara hupitisha mali pande zote mbili: magogo ya mninga, mkongo na mpingo yalitoka kwa kasi, na vijiji vilivyo karibu na misitu vilipata sehemu ndogo ya thamani yake. Watu nao waliingia. Baada ya wafugaji kuondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wengi walihamia Rufiji na mifugo yao, na ugomvi ukazuka kati ya ng'ombe na mlau.

Katika delta, ambako hutoka sehemu kubwa ya kambamiti wa nchi yetu, mambo yalikuwa vivyo hivyo. Ukataji wa mikoko ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980. Kisha katika miaka ya 1990 kampuni moja iliomba eneo kubwa la delta ili kufuga kambamiti, na serikali ikakubali kwa masharti. Wanavijiji wengi walipinga, wakaungana na wanasheria na watetezi wa mazingira, wakaenda mahakamani. Mradi haukuendelea. Wajukuu wa wale waliopokea dawa ya maji sasa walipigania maji yao kwa hati na mawakili.

BWAWA NA MASWALI YA SASA

Katikati ya miaka ya 2010 wilaya iligawanywa, na Kibiti, pamoja na sehemu kubwa ya delta, ikawa wilaya ya peke yake. Rufiji ya Utete ilibaki na bonde. Na juu ya bonde hilo likajengwa Bwawa la Julius Nyerere. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2019, maji yakaanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja inafanya jumla ya megawati 2,115. Taifa lililokaa gizani kwa migao ya umeme lina haki ya kufurahia kazi hiyo.

Hata hivyo, mto sasa una mwenye kufungua na kufunga. Tope lililokuwa likishuka bondeni hutua nyuma ya ukuta, na maji yanayokuja hufuata pia mahitaji ya mitambo. Mwezi wa Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti zilifunikwa na maji. Wahandisi walieleza kwamba bila bwawa maji yangekuwa mengi zaidi. Wananchi waliuliza kwa nini yalikuja jinsi yalivyokuja. Kauli hizo mbili hazikupaswa kubaki mbalimbali. Zikikutanishwa zinazaa swali moja la kazi: maji yafunguliwe lini, kwa kiasi gani, na nani ampashe habari mkulima mapema, ili mpunga uwe umerefuka na mlau upate unyevu wake? Swali hilo lina jibu la kihandisi, lakini kipimo chake kimo katika elimu ya wazee wa bonde.

HITIMISHO

Tumeona tawala nne zikipita juu ya Rufiji. Wajerumani waliona pamba, Waingereza wakaona mahali pa matrekta, serikali ya ujamaa ikaona maafa yanayohitaji watu wahamishwe, na zama zetu zimeona umeme. Hakuna kati ya mambo hayo ambalo halikuwa na hoja. Pungufu lililojirudia ni moja: mafuriko yalihesabiwa kuwa adui au nguvu iliyopotea bure, na kwa mkulima yalikuwa mbolea, mvua ya pili na akiba ya mwaka mbaya.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wasiufundishe utamaduni wa taifa kana kwamba ni ngoma na mavazi peke yake. Kujua siku ya kupanda kabla ya mto kujaa ni utamaduni. Kujenga dungu linalosimama juu ya maji ni utamaduni. Nanyi wanafunzi, hasa mlio wa wilaya hizi, waulizeni wazee wenu majina ya maji, ya udongo na ya mbegu, mkayaandike. Wazee hao hawatakuwapo daima, na wanaopanga kazi za mto watahitaji maandishi. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini sharti kwanza ajue kwao ni wapi na kunaliwa nini.